Joto Alilolijua Paka

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utaitikia kwa sauti hata kama uko peke yako chumbani, kwa hiyo nasubiri kidogo uitikie kabla hatujaendelea. Goti linasemaje? Uliandika kwamba limeanza tena kukuamsha alfajiri na kwamba unaligombeza kama mtoto mtukutu. Ligombeze na kwa niaba yangu. Sisi huku ni wazima kwa kipimo cha wazee: tunaamka, tunakula, tunagombana, tunalala. Wifi yako anakusalimu sana, na anauliza kama bado unaficha funguo halafu unawashuku wengine kwamba wamezichukua.

Uliniuliza swali moja tu katika barua yako, na ukalipigia mstari: mnakuja lini? Ukasema chumba cha nyuma kimeshapakwa rangi na dirisha limetiwa wavu. Nimechelewa kujibu, nawe hukuzoea kucheleweshewa majibu na mimi. Kilichonichelewesha ni waya. Vumilia nikueleze, maana nimekaa na jambo hili kifuani mpaka limeanza kuchacha.

Nianze na mikono ya wifi yako. Unajua ana kibanda cha kushonea pembeni ya kituo cha mabasi, anabadilisha zipu, anapunguza suruali, anarudishia vifungo watu wenye haraka. Mlango wa kibanda haufungi sawasawa, na wakati wa baridi upepo huingia humo kama jamaa asiyejua hodi. Miaka ya karibuni vidole vyake vimeanza kufa. Ndivyo anavyosema mwenyewe. Vinageuka vyeupe kama mshumaa, kisha vinakuwa vya buluu, na damu ikianza kurudi anauma ukosi wa koti lake ili wateja wasimsikie. Daktari alimpa vidonge vikamletea kizunguzungu, akavitupa. Glavu za dukani zinapasha joto, lakini ni nene kama mito, na hakuna aliyewahi kutunga uzi kwenye sindano akiwa amevaa mto.

Baridi iliyopita ilipokwisha, aliniketisha jikoni akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba ile ilikuwa ya mwisho. Ikija nyingine na mikono yake iko vilevile, atapanda ndege aje kwako. Mimi nikitaka nimfuate. Nisipotaka, nibaki na vitabu vyangu, navyo vinipikie. Unamjua. Akipiga kelele huwa anatania. Akinong'ona, anza kutafuta masanduku.

Mimi, Dada, sikutaka kuondoka. Kwa nini sikutaka nitakuambia mbele, sipo tayari bado. Kwa sasa shika hili tu: nilikuwa na kiangazi kimoja cha kuipatia mikono ya mke wangu joto, la sivyo nimwache aende au nifunge mizigo.

Basi nikasoma. Ndiyo dawa yangu ya kila kitu, wewe mwenyewe ulinicheka kwa hilo tangu zamani. Nikaona maktaba kwamba kuna vitu vyembamba vya kutoa joto, vinavyojikunja kama kitambaa, jamaa na zile nyuzi zinazofuta ukungu kwenye kioo cha nyuma cha gari. Unatandika waya mwembamba kwa kuupinda kwenda na kurudi, unaufunika pande zote mbili kwa kitu laini kisichopitisha umeme, unaunganisha betri, basi. Kitu cha unene huo kingeweza kukaa mgongoni mwa mkono, ndani ya glavu nyepesi iliyokatwa vidole, kikapasha moto damu inayokwenda kwenye vidole huku vidole vyenyewe vikibaki huru kushika sindano. Nikasema hili ni langu. Nani anajua joto kunizidi? Maisha yangu yote ya kazi huku nimeyamaliza kwenye dobi kubwa, nikipiga pasi mashuka ya hoteli na mashati ya watu nisiowajua. Na mwalimu wangu wa kwanza ni wewe, na ile pasi yako ya mkaa: kidole kilicholowa, gusa, sikiliza inavyokuambia. Sijaunguza shati la mtu hata mara moja. Dobi nzima walikuwa wakiniletea pasi niziguse kabla hawajazituma kwa fundi.

Waya nilinunua kwa Bwana Fyuzi. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Ana duka la vipuri vya umeme hapa chini kwenye kona, na kila fulana yake ina matundu ya cheche. Aliponiuliza ninachotengeneza nikamwambia, akacheka mpaka akashika kaunta. Akasema mzee, watu wa rika lako hujenga nyumba za ndege. Lakini alinitafutia waya wa aina ile inayokuwa nyekundu ndani ya kikausha nywele, ila mwembamba kama unywele wenyewe, na akanishauri ninunue na kipimajoto. Nikamwonyesha kiganja changu, nikamwambia kipimajoto changu hiki hapa, hakijawahi kuhitaji betri. Akasema haya, mzee wa kiganja. Tangu siku hiyo ndilo jina langu dukani kwake.

Sasa sikiliza mateso. Waya ule haukubali lehemu. Unayeyusha risasi, inatua juu ya waya, inajiviringisha kuwa shanga na kudondoka mezani kama umeitukana. Wiki nzima nilipigana nayo nikidhani ni macho yangu. Bwana Fyuzi alipomaliza kucheka akaniambia waya wa namna hiyo haulehemiwi, unabanwa: unachukua kibomba kidogo cha shaba, unaingiza ncha ya waya wa joto upande mmoja na waya wa betri upande mwingine, unakibana kwa koleo. Ungeniambia mapema, nikamwambia. Hukuuliza, mzee wa kiganja, akanijibu.

Kufunika nako kuna kisa chake. Nilitumia gundi ya mpira, ile ya kuzibia kingo za sinki. Unaipaka juu ya waya uliokwisha kuutandika na kuushikiza kwa nyuzi kwenye kitambaa chembamba, unalaza karatasi ya nailoni juu, kisha unaviringisha chupa tupu mpaka gundi itandae sawa. Ikikauka unachambua nailoni, unabaki na kipande laini kama ngozi ya sikio. Hivyo ndivyo maandishi yanavyosema. Kwangu, nyumba ilinuka siki, chupa ilikokota waya ukapandana wenyewe kwa wenyewe, na nilipouunganisha ukatoa moshi hapo ulipogusana. Wifi yako alifungua madirisha yote, akauliza kwa upole kama ninataka wote tupate joto kwa pamoja.

Nikajifunza kuacha gundi ya tabaka la kwanza ishike kabla ya kuweka la pili. Kipande kilichofuata kilitoka kizuri mno. Waya umekaa kwa mistari ya zigizaga iliyopangika kama matuta ya shamba, na ungeweza kukizungusha kidoleni bila kusikia ufa. Nikakiunganisha kwenye betri ya akiba ya simu, nikasubiri, nikakiwekea kiganja. Hakuna kitu. Yaani, Dada, hakuna. Nikaangalia taa ya betri: inawaka. Nikapima kwa mita: umeme unapita. Nikaweka tena mkono. Uvuguvugu wa pazia lililopigwa na jua la asubuhi. Nikakitupa pembeni ya meza, bado kikiwa kwenye betri, nikaenda kujimwagia maji usoni nisije nikatukana.

Niliporudi, paka alikuwa amekilalia. Paka wa wifi yako tunamwita Karani kwa sababu karatasi yoyote ukiiweka mezani lazima aikalie. Nikamfukuza. Akarudi. Nikamfukuza tena, akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa zamu yake, akarudi. Nikaona hata mnyama ananidharau.

Waya ukiwa mfupi zaidi joto huongezeka, hiyo ni hesabu tu. Nikaukata nikatengeneza kingine. Uvuguvugu. Nikaufupisha tena. Betri ikakataa, ikajizima yenyewe kwa kuelemewa, nikalazimika kutafuta nyingine yenye nguvu. Nikabadilisha kitambaa, labda kinanyonya joto. Nikabadilisha gundi. Siku moja nikamshutumu Bwana Fyuzi kwamba ameniuzia waya bandia, mbele ya wateja wake. Hakucheka safari hiyo. Alisema waya ni waya, mzee, nenda ukanunue kile kipimajoto, na kama hutaki kwangu nunua kwingine. Nikatoka nimefura. Nilirudi nyumbani nikakuta Karani amejinyoosha juu ya meza amelalia kimoja nilichokisahau kwenye betri, tumbo juu, miguu minne hewani. Nikamwambia wifi yako paka wake ni mgonjwa. Akasema paka hana neno, ila mimi nitazame kidole changu. Nilikuwa na lengelenge kubwa kwenye kidole cha shahada. Nikasema ni lehemu hiyo. Akasema lehemu uliiacha tangu majani yakiwa ya kijani.

Majani hayo yakawa mekundu, yakadondoka, na asubuhi nikaanza kuona pumzi za watu mtaani. Wifi yako alishusha sanduku lake la kijani kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliacha wazi karibu na mlango wa chumba. Kila nikienda chooni nalipita. Kila siku lina nguo moja zaidi.

Nikatengeneza cha mwisho kwa hasira. Waya mfupi kuliko yote, betri ile kubwa. Nilipokiwekea kiganja, hatimaye, Dada, nilipata kitu, joto la chai iliyosahaulika, lakini joto. Nikakishonea ndani ya glavu kwa mkono wangu mwenyewe, mishono mirefu na mibaya ambayo wifi yako angemrudishia mteja pesa yake kwa aibu. Nikamwita aje mezani. Nikamvalisha mkono wa kushoto. Nikabonyeza.

Alikaa kidogo akinitazama kwa matumaini ambayo sitayasahau. Halafu akapiga ukelele, akaivua glavu kwa meno na kuirusha ukutani. Mgongo wa mkono wake ulikuwa na mistari ya zigizaga, myekundu, imepangika kama matuta ya shamba.

Na unajua nilifanya nini? Nilibisha. Mungu anisamehe, nilisimama pale nikambishia mwanamke mwenye alama ya moto mkononi. Nikasema ni baridi imemzoesha vibaya, ngozi yake imekuwa nyepesi, kile kitu hakina joto la kumuunguza hata nzi. Nikaiokota glavu, nikaivaa mimi, nikabonyeza, nikaweka mkono mezani nimuonyeshe. Nikawa naendelea kuhutubia. Nikamweleza ukinzani wa waya. Nikamweleza pasi za hoteli. Yeye alikuwa ameshika mkono wake chini ya bomba la maji, mgongo kwangu, ananisema kwa hasira. Kisha akageuka kunijibu, akauona mkono wangu umetulia tuli ndani ya glavu. Akafunga maji. Akaja akachomoa betri. Akanivua glavu taratibu, kama mtu anavyomvua mtoto soksi.

Aliniambia nikae na nifumbe macho. Nikamuuliza ni mchezo gani huo. Akasema nifumbe tu, kwa mara moja katika maisha yangu nifanye nilichoambiwa kabla ya kukisoma kitabuni. Nikafumba. Akachukua mkono wangu wa kulia akauweka juu ya paja lake, akasema atanigusa kidole kimoja kimoja, nami nimwambie ni kipi. Nikasubiri. Nikasikia Karani akiruka kutoka kwenye kiti. Nikasubiri zaidi. Nikamwambia basi aanze, supu inapoa.

Nikafumbua macho. Alikuwa ameshika sindano yake ya kushonea, na kila kidole cha mkono wangu kilikuwa na tone la damu kwenye ncha.

Siku ya pili tulikwenda kwa daktari. Ni kisukari, nimekuwa naye mwilini muda mrefu mgeni huyu, anakula na kulala bila kujitambulisha, na ameshaziharibu hisia za vidole vya mikono. Daktari akanivua viatu. Miguu ni mibaya zaidi. Akaniuliza tangu lini sisikii vizuri, nikamwambia sikujua kwamba sisikii. Ndiyo ajabu yake, Dada. Giza linaonekana, ukimya unasikika, lakini ganzi haina dalili kwa mwenye nayo. Nilichokuwa naona ni kwamba dunia imepoa. Nimeambiwa sukari itashushwa kwa dawa na kwa kula vizuri, ila vidole huenda visirudi. Na nimeambiwa mtu asiyeisikia miguu yake hapaswi kutembea juu ya barafu wala kuikanza miguu kwenye kitu cha moto. Hapa tulipo, kwa nusu mwaka, ni kimoja au kingine.

Tuliporudi, wifi yako alivuta boksi la chini ya meza nilikotupia kazi zote zilizoshindikana. Akaziunganisha kwenye betri moja baada ya nyingine, akizijaribu kwa ndani ya kifundo cha mkono wake mzima. Hiki kikali. Hiki kikali zaidi, ulitaka kuchoma mahindi? Akafika kwenye kile cha kwanza kilichotoka kizuri, kile cha Karani. Akakiweka, akafumba macho. Paka akaja mwenyewe akakaa karibu naye, akisubiri zamu. Ndicho hicho. Kilikuwa sawa tangu mwanzo wa kiangazi, na mtu pekee nyumbani humu aliyekijua hakuwa mtu.

Ameshakishona upya ndani ya glavu, na amenifanya nitengeneze mwenzake kwa kipimo kilekile, safari hii kwa kipimajoto. Nilikwenda kukinunua kwa Bwana Fyuzi nikamwomba radhi mbele ya wateja, kama nilivyomtukana mbele ya wateja. Alinikabidhi, na nilipofika mlangoni akasema uende salama, mzee. Mzee tu. Nilitamani amalizie jina.

Jana nilipita kibandani. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka, mlango haujafungwa vizuri kama kawaida, na wifi yako alikuwa anatia zipu kwenye koti la mtu, vidole vyake vyekundu, vya binadamu aliye hai. Aliniambia bila kuinua kichwa kwamba mikono yake iko tayari kubaki miaka yoyote nitakayo, uamuzi ni wangu. Sanduku lake la kijani amelirudisha juu ya kabati. Nimeshinda, Dada. Nilisimama pale na ushindi wangu, nikiangalia viatu vyangu ndani ya theluji, nisijue kama vimeingia maji.

Sasa nikuambie nililoliweka kiporo. Sikuwa ninaogopa kufunga mizigo, wala vitabu si sababu. Vitabu ni vya maktaba nusu yake. Nilikuwa ninaogopa kuja kwako. Nimekaa mbali kiasi kwamba nyumba ninayoikumbuka ina mlango mahali ambapo wewe uliandika kwamba sasa pana ukuta. Niliogopa kufika nikaitwa mgeni kwa heshima, nikauliza choo kiko wapi katika nyumba niliyozaliwa, nikapapasa swichi ya taa huku watoto wa watoto wako wakinihurumia. Ndiyo maana niling'ang'ania kile kiwaya kama mtu aliyeshika ukingo wa dirisha. Mikono ya wifi yako ilinihusu, usidhani vinginevyo, lakini ilikuwa pia kisingizio kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuwa navyo. Nami kumbe kiangazi kizima nimekuwa nikipapasa mezani kwangu mwenyewe, chini ya taa yangu mwenyewe, na sikujua. Kama kupapasa ni lazima, nitapapasia kwako, mahali penye sakafu ya joto na mtu wa kunigombeza.

Jibu la swali lako, basi: tunakuja, barafu ikiyeyuka njia ya kwenda kituoni. Wifi yako nilimwambia leo asubuhi. Alisema vizuri, halafu akaenda kulishusha sanduku tena, na safari hii alikuwa anaimba. Karani atahamia kwa Bwana Fyuzi. Nimemtengenezea kipande chake cha kulalia, na Fyuzi amekubali kwa sharti kwamba paka ndiye atakuwa anajaribu bidhaa za joto dukani.

Ninakuomba mambo mawili. Maji ya kuoga usinitengee, mwachie wifi yako anichanganyie. Mimi nikikuambia ni mazuri usinisadiki. Na siku tutakapofika, najua utanishika kiganja kama ulivyokuwa ukinishika kunivusha barabara, na huenda ukaona mkono wangu haujibu. Usije ukafikiri nimekuwa mtu wa kwingine. Panda juu kidogo, unishike kifundo. Hapo bado ninasikia kila kitu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wanaonikumbuka na wanaonisikia tu kwa sifa zako za uongo. Lile goti lifunge kitambaa ulalapo, na barua hii uisome mara moja tu, usianze kulia ukauchuruzisha wino.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyempa jina Kiberiti kwa hasira zake, na ambaye bado anawaka.